Sukari Chini ya Kufuli

Kufuli nililinunua mimi mwenyewe. Nikalitia kwenye droo ya saluni yangu ya barazani, ile ninayowekea rasta na vitana, na humo ndani nikafungia kopo la sukari. Kila asubuhi anayetaka chai ananifuata nimpimie kijiko, kuanzia mume wangu mpaka kitindamimba, kama askari wanaogawiwa risasi. Dada yangu peke yake hakuruhusiwa hata kupanga foleni.

Dada ni fundi cherehani. Alipofiwa na mumewe nilimchukua akae kwangu, na cherehani yake ikakaa kwenye kona ya saluni, karibu na dirisha. Mambo yalikuwa matamu: mteja anasukwa huku gauni lake linapunguzwa kiuno, na umbea unapita katikati bila nauli. Kisha macho yakaanza kumwingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari wa macho akasema upasuaji wenyewe si kazi, ila sukari ya mwilini ishuke kwanza, maana ikiwa juu kidonda hakiponi.

Tulipokwenda mara ya kwanza, kipimo kilisoma kumi na saba, nao wanataka isizidi kumi. Tukarudishwa. Miezi minne baadaye, kumi na nane. Tukarudishwa tena. Na vidonge anameza mbele yangu, chakula anakula cha ndege. Mimi na akili yangu ya mtaani nikaona jibu moja tu: huyu anaiba sukari.

"Dada, sema ukweli," nikamwambia mbele ya wateja wawili. "Unailamba saa ngapi?"

"Sijaigusa."

"Basi inakufuata yenyewe, inakupenda."

Wateja wakaangua kicheko. Dada akavuta upindo wa mtandio mpaka mdomoni, akainama, akaendelea kulitafuta tundu la sindano kwa ncha ya kidole. Ndivyo alivyokuwa akishona siku hizo, kwa kupapasa. Mshono ukienda upande, nasubiri mteja aondoke, naufumua mimi. Kazi ilikuwa inamponyoka, na kila mtu alijua. Na ule mtandio mdomoni niliuelewa nilivyotaka: aibu ya mwizi.

Siku moja binti yangu akitandika vitanda akakuta makaratasi ya pipi chini ya godoro la Dada. Pipi za mnanaa, rundo zima. Nikaitisha kikao sebuleni. Mume wangu, mtu asiyependa makelele, alijaribu kunizuia.

"Mama watoto, taratibu. Huyu ni mkubwa wako."

"Mkubwa wangu anajipofusha, nitulie?" Nikayamwaga makaratasi mezani. "Haya, Mama Mkubwa wa watoto, hizi nazo ni dawa ya macho?"

Dada aligeuza uso upande wa meza asiyoiona vizuri.

"Ni dawa," akasema, basi.

Watoto walicheka kwa sababu nilicheka mimi. Kuanzia hapo akawa hatoki bila mtoto wa kumfuata, na akirudi napekua mkoba wake. Nilijiona mlezi hodari. Mtaa mzima ulinipa pole kwa mzigo nilioubeba, na pole zile, sitaficha, zilinikaa vizuri.

Mara ya tatu tukaenda hospitali nikiwa na uhakika. Wiki tano hajaonja tamu. Kipimo: kumi na saba na nusu. Nikataka kumzaba kofi palepale. Nesi alikuwa mgeni, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alipomsogelea Dada kumpima presha, akasita kidogo.

"Dada yangu, kinywani kuna kinachokuuma?"

"Kinachomuuma ni ulafi, nesi," nikadakia.

"Sijakuuliza wewe. Mama, shusha mtandio. Fungua mdomo."

Dada hakutaka. Ilibidi nesi amshike mkono na kumbembeleza kama mtoto. Alipofungua, nesi alitazama mara moja tu, akaandika karatasi, akatupeleka chumba cha meno mwisho wa korido.

Daktari wa meno alikuwa kijana, lakini mikono yake haikuwa na haraka. Akabonyeza fizi kwa kidole, usaha ukatoka. Akabonyeza pengine, ukatoka. Akagusa jino la mbele, likacheza kama kitasa kibovu.

"Ana muda gani hivi?"

Nikaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

"Hii ni sumu anaimeza kutwa," daktari akasema. "Fizi zikioza hivi, sukari haishuki hata umfungie chakula. Na sukari ikiwa juu, fizi zinazidi kuoza. Zinalishana. Mama, kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia," Dada akajibu. Hakupandisha sauti. "Nilimwambia mdogo wangu natoka damu nikipiga mswaki. Akasema nashika mswaki vibaya. Kesho yake akawaambia wateja saluni ina panya aliyefia ukutani, halafu akanigeukia mimi. Nikiongea, wanafungua dirisha. Nikanunua pipi za kukata harufu, nikafunga mdomo."

Nilikumbuka. Ulikuwa utani mzuri. Niliurudia wiki nzima, kila mteja na kicheko chake.

"Na pipi nazo zikaongeza kuni," daktari akasema, akaanza kuandaa vifaa vyake.

Alimng'oa meno saba kwa awamu, akamsafisha fizi, akampa dawa na mswaki laini. Miezi miwili, kipimo kikasoma nane. Nane! Nikaimba korido nzima, nikamkumbatia nesi. Dada alisimama pembeni akisubiri nimalize.

Wakampasua. Bandeji zilipotolewa, jicho la kulia likaona mpaka nambari ya mlango. La kushoto halikuona kitu. Daktari wa macho alilimulika muda mrefu. Ukungu ameutoa wote, akasema, lakini mishipa ya nyuma imevuja na kufa kwa sukari ya muda mrefu. Laiti sukari ingeshuka tangu ile mara ya kwanza. Akaikata sentensi hapo, akatafuta kalamu.

Wiki ile ile Dada akafunga cherehani yake kwa kamba. Kuna fundi mwenzake, mtaa wa pili, amempa nafasi na chumba cha nyuma.

"Dada, usinifanyie hivi," nikamwambia. "Mimi ni damu yako. Nilikuwa nakutunza."

"Najua."

"Sasa utakwenda wapi na jicho moja?"

"Linatosha kuuona mlango," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alisema bila kuziba mdomo, mapengo yote nje.

Mume wangu akambebea cherehani. Hakuniaga, akarudi jioni mikono mitupu.

Kona ile nimeiwekea kiti cha kuoshea nywele. Saluni inajaa kama zamani, na umbea haujapungua. Juzi mteja akaja na sketi, akauliza fundi yuko wapi.

"Mtaa wa pili, mlango wa kijani," nikamwelekeza. "Anashona vizuri kuliko zamani." Alipofika kizingitini nikamwita. "Lakini usimwambie ni mimi niliyekutuma. Atakurudisha."

Akacheka, akidhani natania.