Mafuta ya Ng'ambo

Gari la Patricie lilikuwa otomatiki, na katika foleni nzima ya teksi za Kamembe, upande wa Rwanda wa mpaka na Congo, lilikuwa la namna hiyo peke yake. Wenzake walilicheka wee, wakaliita gari la wavivu, mpaka siku lilipoanza kushtuka kila linapobadilisha gia. Hapo wakaacha kucheka, wakaanza kutoa pole, na pole ya Kamembe, jamani, inauma kuliko matusi.

Hakuwa na kitu kingine. Alirudi kutoka Congo baada ya vita, hana mume, hana shamba, na shemeji yake wa kijijini Gashonga alikuwa amekwisha kumtengea jembe. Giaboksi ikifa, ni kwenda kulima kwa shemeji na kuomba hata chumvi. Patricie na kuomba, thubutu!

Mafuta ya giaboksi yalikuwa yameungua, lazima yabadilishwe. Mbarushimana, rais wa ushirika wa madereva, akatoa amri: yaagizwe Kigali mafuta ya kampuni iliyotengeneza gari lenyewe, na Patricie asubiri.

"Ya Bukavu ni bandia, Maman Patricie. Kila kitu ya kule ni bandia. Gari ikizimika mu mulima na bantu ndani, aibu ni ya siye bote. Ikikufa, unatoka mu foleni."

"Na nikisubiri, nitakula nini? Amri yako?"

Akakichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakifunga kwenye kipande cha kitenge, akavuka daraja la mpakani kwa miguu, kwenda Bukavu. Mpakani walimtazama kama mwendawazimu. Kwenye kijiti zilichapwa herufi za aina ya mafuta ambayo gari linataka, naye alizilinganisha na zile za kwenye bidoni, madumu ya mafuta, katika duka la Mulume kule Bukavu, moja baada ya nyingine, mpaka akapata zilezile.

"Hii haikutoka kwa benye kutengeneza gari," Mulume alimwambia, "lakini inafuata masharti yao. Bidoni fungua weye mwenyewe."

Akafungua, akanusa, akasugua kidoleni. Alinunua, lakini njia nzima alisimama kila mara kuyanusa tena. Herufi mtu anaweza kuzichapa popote, na yeye alilijua hilo vizuri tu.

Asubuhi yake fundi alipomaliza kuyabadilisha mafuta, Patricie akateremka darajani kuchukua abiria. Mbarushimana alikuwa anamngoja hapo, keshasikia habari za Bukavu! Akajipachika kiti cha mbele, nyuma wakajazana akina mama wa Bukavu na magunia yao ya unga wa muhogo. Wakaanza kupanda. Kona ya kwanza gari likabadilisha gia, kimya. Mlima ukasimama wima mbele yao, likabadilisha tena, wala kina mama hawakukatiza maneno yao. Patricie alitamani kulia kwa furaha, akajizuia kwa sababu ya yule aliyekaa kando yake.

Walipokaribia stendi, Mbarushimana akamwinamia sikioni.

"Sikia. Nafasi yako utabaki nayo. Lakini useme mafuta ni ya Kigali."

"Niseme uongo?"

"Uongo kidogo tu. Bote tunasema. Miye hapa banajua nilizaliwa Butare, mu Rwanda."

Patricie nusura aingie mtaroni. Butare! Mama zao waliuza dagaa wa sambaza meza moja, sokoni Kadutu, kule Bukavu, na huyu bwana alikuwa akilala chini ya meza hiyo bila suruali.

Aliegesha mbele ya foleni, akashuka, akasimama katikati ya madereva.

"Munisikilize! Mafuta niliweka ni ya Bukavu. Haikutoka kwa benye gari, haikutoka Kigali. Ilitoka ng'ambo, na mulima imepanda. Na miye nilitoka ng'ambo, Kadutu, sifichi. Mwenye kuniita bandia aje aniite hapa, mbele ya macho yangu!"

Zaidi ya nusu ya wale madereva walikulia huko huko, na kila mmoja alikuwa na Butare yake.

Mbarushimana akavimba, akawapungia mkono madereva wa nyuma yake wampite huyu mwanamke, ametolewa kwenye foleni.

Patricie akafungua milango yote minne. "Mpakani! Mpakani! Tunaondoka!"

Mbarushimana akapunga tena, kwa nguvu. Hakuna dereva aliyewasha gari.