Wati Hamsini

Gari jeupe la mamlaka ya mawasiliano liliegeshwa chini ya mnara wa redio saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Mtangazaji alilitambua kwa antena mbili zilizosimama juu ya paa lake. Kikombe alikitua mezani bila kuangalia, chai ikamwagikia matangazo ya vifo aliyokuwa ayasome muda si mrefu.

"Fundi," aliita kwa sauti ya chini. "Wamekuja."

Fundi mitambo, kijana mwembamba hata watu wakambandika jina la Waya, hakuuliza ni akina nani. Alichomoka mbio hadi chumba cha mtambo akakirudisha nyuma kitufe cha nguvu. Leseni yao iliruhusu wati hamsini, isizidi hata moja, na matangazo yaishie kwenye kilima. Kwa miezi saba sasa mtambo ulikuwa ukirusha wati mia na hamsini.

Aliyeyataka hayo ni mtangazaji mwenyewe. Mama yake, aliyepoteza macho, aliishi peke yake ng'ambo ya kilima, na wati hamsini hazikumfikia. "Mdogo wangu, nisaidie tu mama anisikie," alimbembeleza Waya siku ile. Waya aliguna, akasema hii itatutokea puani, kisha akakizungusha kitufe.

Na kweli, ilikuwa mlangoni pa pua. Kituo hiki hawakukiokota. Ilikuwa miaka minne ya barua, ya kukusanya saini nyumba kwa nyumba, ya vikao ambavyo mwenyekiti wao, fundi cherehani asiyejua kunyamaza, aliwauliza mawakili wa redio kubwa wati hamsini zitamzibia nani njia. Mwezi uliopita tu, kituo jirani kilikutwa kimezidisha nguvu. Mnara uling'olewa siku hiyohiyo, na mtangazaji wake mpaka leo anapanda na kushuka ngazi za mahakama.

Mkaguzi aliingia na kisanduku cha vipimo mkononi. Alikuwa mtu mzima, shati limenyooka, mpole kama daktari anayekuja kukupa majibu mabaya.

"Shikamoo, mzee," mtangazaji alisema.

"Marahaba, dada. Endelea na kazi yako, msizime. Mimi napima tu."

Akapita chumba cha mtambo. Mtangazaji alimwona kupitia kioo akichomeka nyaya zake, akitazama sindano ya kipimo, akiandika. Nyuma ya mgongo wa mkaguzi, Waya aliinua kidole gumba: hamsini kamili. Mtangazaji akashusha pumzi, akafungua kipindi cha salamu kwa sauti iliyotetemeka kidogo tu.

Pumzi ile haikumaliza hata dakika, akili ikamjia. Wamepunguza nguvu. Ng'ambo ya kilima, sasa hivi, redio zote zimenyamaza. Na watu wa kule wakikosa redio yao hufanya nini? Wanapiga simu kuuliza kulikoni.

Simu ya studio ilikuwa ya mezani, kuukuu, isiyoonyesha namba, na Waya aliiunganisha kwenye mitambo kwa namna ambayo ukiinua tu mkono wa simu, anayepiga yuko hewani. Isitoshe, desturi ya kipindi ilikuwa ileile tangu siku ya kwanza: unataja jina, unataja unakotoka, ndipo unamsalimia umtakaye. Wasikilizaji wao wangejitaja kwa adabu zote, na kukiua kituo.

Mkaguzi akarudi, akavuta kiti, akaketi pembeni yake. "Vipimo vizuri," alinong'ona. "Ngoja nisikilize kidogo."

Simu ikalia. Ilikuwa ya muuza duka wa mtaa wa pili, anamsalimia mkewe waliyenuniana. Mtangazaji alicheka mahali pasipochekesha.

Ikalia tena. "Dada Salamu, leo vipi? Mbona huku kwetu mna..."

"Badilisha betri, kaka," alimdaka, na kumkatia. Mkaguzi akatabasamu, akaandika kitu. Ameandika nini? Mtangazaji alijaribu kusoma herufi zile kwa pembe ya jicho, akashindwa.

Saa moja na dakika ishirini. Hiyo ndiyo saa ya mama kupiga simu, kila siku ya Mungu. Angeweza kuchomoa waya wa simu, lakini yule mtu alikuwa karibu kiasi cha kusikia anavyomeza mate. Simu ikalia. Ikalia mara nne.

"Hupokei?" mkaguzi aliuliza.

Akapokea.

"Mwanangu," ilisema sauti ya mama, hewani, mtaa mzima ukisikia. "Leo sikusikii kabisa. Umepatwa na nini? Mimi mama yako, huku ng'am..."

"Umekosea namba, mama."

Alijisikia akilisema neno hilo. Lilitoka kavu, la mtu wa ofisini. Mama akasema polepole, "Samahani, binti. Nimekosea." Simu ikakatika. Mtangazaji akaweka wimbo haraka, kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja.

Mkaguzi aliandika mstari wa mwisho, akagonga muhuri. Leseni ikaongezwa miaka mitano mingine. Kisha akarudi chumba cha mtambo, akatoa koleo dogo, akapitisha uzi wa chuma kwenye kitufe cha nguvu na kuubana kwa lakiri ya madini ya risasi. Utaratibu mpya, alieleza, kila mtambo unafungwa penye kipimo chake. Atakayeikata atajibu mahakamani. Akawapongeza, akaondoka.

Gari lilipokata kona, mtangazaji alikuwa tayari amempigia mama kwa simu yake ya mkononi. Vidole vilikosea namba mara mbili.

"Mama, ni mimi. Nisamehe."

"Nilijua ni wewe," mama alisema. "Mtoto niliyemzaa hanikani hivihivi. Nikasema, huyu kasimamiwa na mtu. Kaondoka?"

"Kaondoka."

"Hajakudhuru?"

"Hapana, mama. Wametuachia kituo."

"Alhamdulillahi. Basi washeni, nipo hapa na redio yangu."

Mtangazaji aliitazama lakiri. Waya naye aliitazama, kisha akajifanya anakunja nyaya.

"Mama, hutanisikia. Wameufunga mtambo. Wala kesho, wala keshokutwa."

Mama hakulalamika, aliuliza tu kama mtu anayetaka kujua.

"Sasa nitajuaje kama kumekucha?"