Tairi Moja Jipya

Fundi alishamwonya mkunga kwamba gari linalovuta kwa magurudumu yote manne halitaki tairi moja jipya kati ya matatu yaliyokwisha. Lakini tairi lilipasuka asubuhi, na dukani lilikuwapo moja tu, kubwa kuliko wenzake. Akalifunga, akampakia mama mkwe wake aliyekuwa akienda hospitali kusafishwa damu, wakaondoka.

Kwenye mteremko wa mlima gari likaanza kuguna chini ya miguu yao. Ikaja harufu ya mafuta yanayoungua. Kila akikata kona, gari lilishtuka na kung'ang'ania. Kushoto kulikuwa na bonde, na mvua ilikuwa imeanza.

“Ni nini hicho, mwanangu?”

“Si kitu, mama.”

“Usinifiche. Nimelea watoto saba, naijua sauti ya mwenye hofu.”

Mkunga akakanyaga breki taratibu, akaliegemeza gari kwenye ukuta wa mlima. Moshi ukafuka chini yake. Akampigia fundi.

“Usiliwashe tena!” fundi alimaka. “Hilo kubwa linazunguka polepole kuliko mengine, gia zinavutana mpaka zinaungua. Zingekwama konani, sasa hivi mngekuwa bondeni.”

Lori la kokoto likawachukua. Mama mkwe alifika amechelewa saa nzima, lakini akapokelewa. Mkunga akabaki kwenye benchi la nje, akapewa chai, akampigia fundi tena kuuliza bei ya matairi manne.