Mwaka Fataki Zilipolala Sandukuni

Sinia la bati lilianguka kwenye korido, na Taurino akapindika kama upinde. Kisogo na visigino tu ndivyo vilivyobaki vimegusa godoro. Meno yaliumana, na usoni likatokea lile tabasamu la kutisha ambalo halikuwa lake. Herminia, mkewe, alimshika mkono akasubiri. Kifua kilikuwa kimekaza kama ubao. Hatimaye misuli ililegea, pumzi ikarudi kwa mluzi kati ya meno.

"Sinia tu," Herminia alinong'ona nje ya mlango. "Sinia la chai, daktari. Na kesho ni sikukuu."

Daktari Yadira alijua anachomaanisha. Hospitali yao ndogo ilitazamana na kanisa. Kila mwaka, adhuhuri ya sikukuu, sanamu ya Mtakatifu ilitolewa kwa bendi na fataki za kuwatorosha mbwa hadi kijiji cha pili. Na kila mwaka, mstari wa mwisho wa bendi, alikuwapo Taurino mfyatua matofali, amejivika tuba lake, tarumbeta kubwa la shaba, kama mtu aliyemezwa na konokono.

Msumari wa kibao cha matofali ndio uliomchoma unyayoni. Aliosha kidonda kwa pombe, akaendelea kukanyaga udongo. Kilikuwa kimeshafunga siku aliposhindwa, kwenye mazoezi ya bendi, kufungua taya. Wenzake wakamtania, "Herminia amekushona mdomo, eh?" Naye alicheka nao, meno yamefungana.

Pepopunda.

"Nieleze tena," Herminia alisema, "nikawaambie wenye sikukuu."

"Kuna kijidudu kinaishi udongoni. Kiliingia na msumari, na chenyewe kimebaki kule kule mguuni. Kinachosafiri ni sumu yake, protini moja tu. Inapanda na mshipa wa fahamu mpaka uti wa mgongo. Huko kuna seli ambazo kazi yake ni kuiambia misuli, 'basi, tulia.' Ile protini inaingia ndani yake, inakata kama mkasi kile kinachoutoa ujumbe huo nje. Sasa misuli inaambiwa 'kaza,' na hakuna wa kuiambia 'legea.' Kelele kidogo, mwili mzima unaitikia."

"Na sindano mlizomchoma?"

"Zimeikamata sumu iliyokuwa inazurura bado. Iliyokwisha kuingia ndani ya seli hatuifikii. Tunangoja mishipa iote ncha mpya. Itaota, mama. Lakini inataka wiki nyingi, na kimya." Yadira alifikicha macho. "Fataki zikilia hapo uwanjani, kifua kinaweza kukaza kisifunguke. Mashine ya kumsaidia kupumua sina. Na kumpeleka hospitali kubwa ya Oaxaca kwa ile barabara ya makorongo, ni kumuua njiani."

Mdhamini wa sikukuu mwaka huo alikuwa Don Prócoro, mkulima mwenye jozi ya ng'ombe wa plau waliosifiwa bonde zima. Herminia alimkuta uani akifunga fataki kwenye vijiti vya matete, masanduku yamemzunguka.

"Shikamoo, Don Prócoro."

"Marahaba, binti yangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Nimekuja kuomba fataki zisilie kesho. Wala bendi."

Mzee alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. "Unataka na harusi isiyo na bibi arusi? Herminia, mama yangu alikufa akiungoja mwaka wangu huu wa udhamini. Nimemwahidi Mtakatifu kelele mpaka mlima uitike. Ugonjwa gani huo unaoogopa kelele? Huyo ni mume au mtoto mchanga?"

Herminia aliketi juu ya sanduku la fataki bila kukaribishwa.

"Ng'ombe wako, ukimwambia 'twende' anakwenda. Ukivuta kamba, anasimama. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Mtu ameingia ndani ya mume wangu akaikata kamba. Ng'ombe yuko mteremkoni, hana wa kumzuia. Utasimama nyuma yake upige baruti?"

Don Prócoro alifuta unga mweusi kwenye kidole gumba. "Na Mtakatifu nimwambie nini?"

"Mwambie mpiga tuba wake anaumwa. Kwani yeye kiziwi? Atakusikia hata ukinong'ona."

"Una mdomo wewe!"

"Wa mume wangu umefungwa. Naongea kwa wawili."

Mzee aliinama, akaokota kijiti kingine. "Nenda kwa mgonjwa wako."

Kesho yake, adhuhuri ilipokaribia, Herminia alimziba Taurino masikio kwa pamba, juu yake akaweka viganja vyake mwenyewe. Alikitazama kile kifua. Alijikaza kuupokea mlio wa kwanza kana kwamba ungempiga yeye kabla ya mumewe.

Kilichokuja ni mvumo mdogo, kama manyunyu juu ya majani makavu. Yadira, aliyekuwa dirishani, aliinua ncha ya pazia akamwashiria atazame.

Barabara ilikuwa imejaa watu, wote pekupeku. Sanamu ilipita mabegani mwa wanaume waliojiuma midomo. Nyuma yake bendi nzima, kila tarumbeta limesokomezwa matambara, mpiga ngoma ameibeba ngoma yake kifuani kama mtoto aliyelala. Tuba lilibebwa na watu wawili. Na mbele ya wote, kwa suti yake nyeusi, alitangulia Don Prócoro, amekumbatia mbwa na kumfumba mdomo kwa mkono.

Walipita mpaka wa mwisho. Kifua cha Taurino kilipanda, kikashuka, kikapanda. Herminia akaketi sakafuni palepale, akavuta pumzi ambayo hakuwa ameivuta tangu siku ya mazoezi.

Alasiri Taurino alifumbua macho.

"Leo siku gani?" Maneno yalipenya kati ya meno, membamba lakini kamili.

"Ya sikukuu."

"Wanatoka saa ngapi?"

"Wameshapita."

Paji la uso likakunjamana. "Na bendi?"

"Na bendi. Na tuba lako."

"Mbona sijasikia kitu?" Kisha, kwa huzuni ya fundi, "Basi walipiga vibaya sana."

Herminia alijifunika shali usoni, akacheka bila sauti mpaka machozi yakamlowesha shingo. Alipoweza kusimama, alikwenda dirishani. Uwanjani alibaki mwanamke mmoja, amechuchumaa, akiokota maua yaliyokanyagwa, moja moja, kwa mkono. Ufagio alikuwa ameuegemeza ukutani, usikwaruze.