Mume wa Mwanaidi

Mchezo wa Mwanakuu sikuupenda tangu mwanzo, wala sikuukosa hata siku moja. Kila siku baada ya alasiri tulipanda ghorofani kwake, hapo mtaani Kuze, na kofia zetu za kushona kwa mkono, na sindano zikishika kasi yeye huanza kutamba hadithi. Lakini hakutamba kama watu wengine. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake ndani ya hadithi. Mwanakuu akimfikisha mtu wako mlangoni, wewe ndiye unayesema kama aingia au arudi. Kisha hutupwa kete, na jinsi zinavyolala ndivyo mambo yanavyokwenda. Mtu wangu mimi alikuwa mwizi. Nilimpenda kuliko ndugu zangu.

Mtu wa Mahfudha aliitwa Mwanaidi, na mume wa Mwanaidi alikwenda Unguja asirudi. Sote tulijifanya hatuoni. Badawi, mume wa Mahfudha mwenyewe, alikuwa Unguja kumzuru shangazi yake Mapinduzi yalipozuka, na huo ulikuwa mwaka wa tatu. Mmoja alisema alimwona akianguka, mwingine alimwona Dar es Salaam akiuza viatu. Mahfudha akabaki katikati, mke si mke, mjane si mjane, na umri unakwenda. Kadhi angemsikiliza akiomba afunguliwe ndoa, lakini nani angethubutu? Mama mkwe wake, Bi Mishi, aliyekuwa akiishi naye nyumba ya pili kutoka hapo, kila Alhamisi aliipiga pasi kanzu ya mwanawe kwa ajili ya Ijumaa, na aliyetaja kifo mbele yake alitolewa nje hata kama kahawa yake haijapoa.

Siku hiyo Mahfudha aliweka sindano chini.

"Mwanaidi ataka kujua," akasema. "Mumewe yu hai, ama amekufa?"

Mwanakuu akababaika. "Mwanaidi na aende sokoni kwanza."

"Hendi. Wewe ndiwe mwenye hadithi. Wajua."

"Sijui, Mahfudha. Wallahi, nami huiona pale mnapoiona nyinyi."

"Basi tupa kete."

Nilimwambia Mwanakuu asitupe. Nilimwambia kwa ukali, na mimi nikisema kwa ukali nasikika mtaa wa pili. Akatupa. Zikalala zote kifudifudi, na kila mmoja wetu alijua maana yake: amekufa.

Mahfudha alizitazama. Kisha akapiga ukelele, na ule haukuwa ukelele wa Mwanaidi. Alilia kilio alichokuwa amekibana miaka yote ile, nasi tuliomshika tukajikuta tunalia naye, hata mimi niliyekuwa nimekasirika.

Sasa, Kuze nyumba zimebanana, na kilio cha mwanamke ni tangazo la msiba. Kabla hatujamnywesha maji, majirani walishapanda ngazi, kanga vichwani. "Mola akupe subira, mwanangu," walimwambia. Wengine walinong'ona kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilichungulia dirishani nikaona wanaume wanatandika mikeka kichochoroni. Tungewaambia nini? Kwamba mfu wetu ametoka kwenye kete?

Ndipo akaingia Bi Mishi. Watu wakampisha. Hakulia.

"Nani aloeta khabari?" akauliza.

Mwanakuu alikuwa amezikalia kete zake. Mimi uwongo siuwezi, ndiyo maana sina marafiki wengi.

"Hakuna khabari, Bi Mishi," nikasema. "Twalikuwa twacheza."

Nilingoja kofi. Badala yake aliketi mkekani polepole, akamshika Mahfudha mkono.

"Nyinyi mumecheza leo," akasema. "Mimi nacheza tangu meli ya kwanza ilipokuya bila yeye. Siku ile ile moyo wangu ulinambia mwanangu hayupo. Kanzu naipiga pasi kwa ajili yako wewe, usije ukavunjika."

Nilidhani Mahfudha atapumua. Aliyekuwa amemfungia njia ndiye huyo amemfungulia: angekaa eda, angeolewa tena, angezaa. Lakini aliuvuta mkono wake kama aliyeungua.

"Mama," akasema, "mimi kuamini sikuweza kamwe. Kila Alhamisi nikiiona pasi yako imetiwa makaa, nalikuwa nikisema moyoni, mimi imani sina lakini mama anayo, na yatutosha sote wawili."

"Nami nalikuwa nikikutazama wewe, mwanangu."

"Basi nani aliyekuwa akiamini?"

Nilitamani mtu aseme neno, lolote, hata la uwongo. Huko chini wanaume walianza kisomo, wakamwombea Badawi rehema kwa jina lake na la babake, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshuka kuwazuia.