Ngoma ya Nyuma ya Goli

Turubai la kikundi cha ngoma lilikuwa la kwanza kwenye foleni ya kuingia uwanja wa soka, limebandikwa chini kwa utepe tangu Jumamosi jioni ili kuwashikia wenyewe nafasi. Bi Sumie Togashi alilitazama kama mtu anayeitazama nyumba aliyoijenga mwenyewe, na dirishani amekaa mpangaji mpya.

Ngoma ile aliipiga tangu timu ikiwa ya kiwanda cha karatasi, wachezaji wakishinda mashineni hadi adhuhuri ndipo waende mazoezini, vumbi la karatasi likiwa bado kwenye nyusi. Kiwanda kilipofungwa, wakubwa wa Tokyo waliitema timu kama kokwa. Hata kuaga hawakuaga. Nani alisimama mbele ya stesheni kwenye theluji akiwaomba wapita njia watie sahihi ili timu isife? Sumie na wenzake wa idara ya kufungasha. Leo klabu ina ofisi yenye mazulia na jina la Kizungu, Albente Shirase, ambalo hakuna muuza samaki anayejua maana yake. Historia iliyochorwa ukutani kwao inaanza mwaka lilipopatikana jina hilo. Watu wa kiwanda hawamo. Wamefutwa kama chaki.

Hayo yote Sumie aliyameza. Aliyeshindwa kummeza ni Kurumi.

Kurumi Asanuma alikuwa binti aliyefanya kazi kliniki ya meno, mgeni mjini, aliyetokea Sendai ambako alishangilia timu nyingine. Timu nyingine! Na bado alipoishika ngoma jukwaa zima liliruka, hadi wazee wenye magoti mabovu. Wakati wa baridi kikundi kilimwita Sumie kwenye mkahawa wa tambi, wakainamisha vichwa wote kwa pamoja, wakamwambia apumzishe mikono. "Mama, hata bendera zinahitaji mtu mzoefu," walisema. Bendera! Na leo ndiyo mechi ya kwanza ya nyumbani tangu timu ipande daraja la tatu la ligi ya taifa, siku ambayo watu wa kiwanda waliiota mpaka wengine wakafa nayo.

Simu ikatetemeka mfukoni.

"Mama Togashi, samahani sana, ni Kurumi. Treni imekwama, theluji imefunga njia, na wenzangu wote niko nao humu. Naomba usimame kwenye turubai letu Gonda akipita kukagua. Ukiwepo wewe tu inatosha."

"Usijali, mwanangu," Sumie akasema. "Nipo."

Kweli alikuwepo. Alikuwa kwenye kibanda cha supu ya nguruwe, kofia ya koti imemfunika hadi kwenye nyusi, bakuli la moto mikononi. Sheria ya foleni aliijua kuliko jina lake: turubai lisilo na mtu saa ya ukaguzi hubanduliwa na kupelekwa mkiani. Sheria hiyo haina mjomba wala shangazi.

Gonda, dereva wa lori ambaye ndiye msimamizi wa foleni, akaja akipaza sauti. "Kikundi cha ngoma! Yupo nani? Jamani, ngoma! Leo mnanitania?" Akazungusha macho. Sumie akainamia supu. Moyo ulimwenda mbio, lakini chini ya moyo palikuwa na kitu kitamu, kitamu kuliko supu.

Gonda akapiga magoti mwenyewe na kuubandua utepe polepole, kama anayembandua mgonjwa plasta.

Kurumi alifika amelowa, anahema. Nafasi ya katikati nyuma ya goli ilikuwa imeshachukuliwa na familia zenye watoto, na kikundi cha ngoma kimetupwa pembeni kabisa, karibu na vyoo. Akainama mbele ya wenzake mpaka nywele zikagusa theluji.

"Kosa ni langu. Mimi ndiye kiongozi, nilipaswa kulala hapa hapa mjini. Leo sistahili kushika ngoma."

"Lakini si ulisema umempigia mtu?" Gonda akauliza.

Kurumi akamtazama Sumie, kitambo kidogo tu. "Simu haikuingia," akasema. Kisha akampa Sumie mikwiro, kwa mikono miwili. "Mama, tafadhali."

Sumie akaipokea, na badala ya kufurahi, akachomwa. Kumbe hata wema binti huyu alikuwa nao mwingi kumzidi! Angemtukana angalau. Angepiga kelele mbele ya watu ili Sumie naye apate la kujibu.

Kipenga kikalia. Sumie akapiga mdundo wa kiwanda, mzito, wa kutwanga. Pembeni waliufuata, katikati haukufika. Wimbo ukawa vipande vipande, huku wanaanza, kule wanamalizia.

"Ngoma imelala na viatu!" kijana mmoja akadakia nyuma, na watu wakacheka.

Ndipo akamwona Kurumi katikati ya zile familia, hana ngoma, hana kitu, amenyanyua mikono juu ya kichwa anapiga makofi. Baba mmoja akamfuata, na mwanawe, na safu nzima, na safu ya juu yake. Wimbo ukajishona. Sumie alitwanga kwa nguvu zaidi ili aushike, ukamponyoka. Akaacha kupiga, apate kuona.

Wimbo haukukatika. Hakuna hata aliyegeuka kuuliza ngoma imeenda wapi.

Alisimama pale na mikwiro yake kama mtu aliyekuta harusi yake inaendelea bila yeye. Kisha akajitwika mkanda wa ngoma begani, akashuka ngazi akisukuma magoti ya watu, samahani, samahani, hadi katikati.

"Simu iliingia," akamwambia Kurumi sikioni. "Nilinyamaza makusudi."

"Najua, mama." Mikono ya Kurumi haikusimama. "Kwenye simu nilimsikia muuza supu akikuuliza kama uongezewe."

"Basi chukua ngoma yako."

"Nimeshasema mbele ya watu kwamba leo sipigi. Piga wewe. Nitazame mikono tu."

Kumtazama mikono! Yeye, aliyeipiga ngoma hii binti huyu akiwa hajazaliwa! Sumie alitaka kuitupa chini ibingirike hadi uwanjani. Lakini kule mbele jezi za buluu zilikuwa zinapanda na mpira, rangi ile ile ya kiwanda, na hilo halikuwa na wa kulifuta.

Akayakazia macho yale makofi na kupiga. Moja, mbili, akashika mwendo. Jukwaa lote likaitika kwa kishindo ambacho hakuwahi kukipata siku zake zote, na kila pigo lilimchoma, kwa sababu halikuwa lake.

"Juu zaidi, mama!" Kurumi akapaza sauti.

"Usinifundishe!" Sumie akafoka, akapiga juu zaidi.