Ambulensi Nyuma Yangu

Sheria ya matembezi yale ilikuwa moja: atakayepitwa na ambulensi amejitoa. Mwenyekiti aliitangaza mara tatu kwa kipaza sauti, nasi wa fulana za njano tukapiga makofi kana kwamba tumeahidiwa soda. Kilomita ishirini, kupanda mlima na kurudi, kuchangia ambulensi ya pili. Ya kwanza ndiyo hiyo iliyokuwa nyuma yetu, inatambaa kwa gia namba moja, ikiswaga mkia wa msafara.

Mkia ulikuwa mimi. Dereva alikuwa binti yangu.

Binti yangu husema sijawahi kumaliza kitu, na hasemi uongo. Nyumba ya mama yake niliijenga hadi kwenye lenta, nikaenda kutafuta misumari, nikarudi baada ya miaka sita. Mpaka leo ukuta unasema wenyewe: matofali yangu chini, ya shemeji yangu juu. Kwenye harusi ya binti niliondoka kabla keki haijakatwa. Basi aliposikia nimejiandikisha, alicheka mbele ya nesi wa ambulensi yake.

"Mtembezi hula miguu yake, Baba. Wewe umebakiza visigino."

"Safari hii nitamaliza."

"Haya. Tutaonana kilomita ya tano."

Ya tano ikapita. Ya kumi tukageuza. Kila nikipunguza mwendo nasikia joto la injini makalioni.

"Baba, panda upumzike!"

"Kwani mimi mgonjwa?"

"Wagonjwa wangu wana mwendo kuliko wewe."

Nesi, mwenye orodha ya watembeaji magotini, alicheka mpaka kalamu ikamponyoka.

Kwenye jiwe la kilomita ya kumi na nane, redio yao ikaita. Kiwanda cha mbao nyuma ya kilima: gogo limemlalia mpasuaji mguu, damu haikatiki. Kwa barabara kuu, dakika arobaini.

"Ipo njia ya magogo," nikasema. "Robo saa tu."

"Umeijuaje?"

"Nilifanya kazi pale siku kumi na moja. Niliondokea njia hiyo. Sikuaga."

"Nielekeze basi."

"Shuka bondeni, kata kushoto penye mti mkubwa."

"Mti upi, Baba? Kilima chote kimekatwa."

Kweli, kilikuwa kipara kama mimi. Nikatazama mbele. Migongo ya njano ilikuwa inapinda kona, na sauti ya mwenyekiti ilishaanza kusikika uwanjani. Kilomita mbili, tena za mteremko.

"Mzee, ukipanda nakuandika umejitoa," nesi akasema. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na orodha.

"Andika."

Nikapanda. Siku ile ya kutoroka nilikuwa nageuka kila baada ya hatua chache kuangalia kama nafuatwa, na kila nilipogeuka pamebaki kichwani: mwamba uliopasuka, kijito, mahali kamba ya kiatu ilipokatika. Tukafika kwa dakika kumi na nne. Msimamizi wa kiwanda, sasa ana mvi, alinitazama huku tunamwinua majeruhi.

"Wewe si ndiye uliyekwenda kunywa maji?"

"Nimerudi," nikamwambia.

Mpasuaji alipona, na mguu wake pia. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, angekuwa anazungumzia jeneza. Kwenye orodha iliyobandikwa ukutani mimi nilikuwa namba mia mbili na kumi na mbili: amejitoa, kilomita ya kumi na nane.

Siku ya nne binti akagonga mlango. Ilikuwa zamu yake ya kupumzika.

"Vaa viatu."

Akanipeleka kwa gari la mumewe hadi kwenye lile jiwe, akaliegesha pembeni. Nikaanza kutembea. Yeye nyuma kwa miguu, hatua kumi, mwendo ule ule wa gia namba moja.

Uwanjani alikuwepo mfagiaji peke yake, anabandua utepe ulionasa kwenye nguzo.

"Mmechelewa," akasema. "Matembezi yalikuwa Jumamosi."

"Tunajua," binti akajibu. "Huyu ndiye wa mwisho. Hebu nishikie upande huo."

Wakaunyoosha utepe, kila mmoja upande wake. Nikapita, ukanikatikia tumboni. Mfagiaji akapiga makofi mawili, kisha akauliza utepe ataufagia nani.

Mbele ya uwanja barabara iliendelea, na miguu ikaona si vibaya kuifuata kidogo.

"Baba," binti akaita.

Nikasimama.